Ezahar Mia, Aliyekaa Mahali pa Kobir

Ndugu waombolezaji, asalaam aleikum. Karatasi hii imeandikwa leo Jumanne, tarehe 21 Novemba 2023, baada ya marehemu kuoshwa na kabla ya sala ya alasiri. Aliyeiandika ni mpwa wake, mwalimu Shomsul Alom, na aliyemtajia maneno ni mama yake, Mabia Khatun, dada pekee wa marehemu. Mabia alisema, Shomsul akaandika. Mabia akabadili, Shomsul akafuta. Mkisikia mahali maneno yanagongana, mjue ndivyo yalivyogongana nyumbani. Tena Bi Gul Bahar, aliyeketi nyuma ya pazia pamoja na kina mama, ametaka jambo moja lisomwe mbele yenu wote kabla jeneza halijainuliwa. Tutalifikia. Familia inaomba subira.

Marehemu Ezahar Mia alizaliwa katika kijiji cha Shilbonia, wilaya ya Maungdaw, mtoto wa kwanza wa Fozol Mia na Lal Banu. Tarehe ndiyo iliyotushinda. Rejista ya shule inasema 1 Juni 1957. Orodha ya kaya inasema 12 Machi 1954, lakini hiyo ni tarehe ya mtu mwingine, kama mtakavyosikia. Kadi yake ya hapa kambini inasema 1 Januari 1958, siku ambayo nusu ya kambi hii ilizaliwa. Mama yake alikuwa akisema tu kwamba ni asubuhi ile ng'ombe wao alipozaa mapacha.

“Andika zote,” Mabia alisema.

“Mama, wasifu unataka tarehe moja.”

“Basi andika ya ng'ombe. Hiyo ndiyo ninayoiamini.”

Alisoma shule ya msingi hapo Shilbonia, kisha Maungdaw mjini, na akamaliza darasa la tisa mwaka 1974. Hati yake ilikuwa nzuri hata walimu wakimwachia chaki awaandikie ubaoni, wao wakae. Mwaka 1978 familia ilivuka mto Naf wa mpakani na umati wa wakimbizi, ikakaa upande huu miezi kumi na minne, na katika ofisi ya kambi ya siku zile ndipo alipojifunza kupiga taipu, kwa vidole vinne. Waliporudi alitandika meza sokoni Maungdaw akiandikia watu barua za kuomba vibali: cha kwenda mji wa pili, cha kulala nje ya kijiji, cha kutengeneza paa. Mabia, aliyekuwa mdogo, alimpelekea chakula pale mezani. Anasema kaka yake aliwasomea watu barua zao kwa sauti ya upole sana, na wengine waliondoka wakiwa wamefarijika kama kwamba kibali kimeshatoka.

Hakikutoka. Barua zile hazikujibiwa hata moja, na nadhani hapo ndipo kichwa chake kilipogeuka. Mwezi wa Novemba 1983 marehemu alipanda mlimani, kwenye msitu wa mpakani, akajiunga na kundi lililojiita Umoja.

Sasa kila aliyetoka kwetu anajua ilivyokuwa kwa nyumba yenye mtu aliyepanda. Kila mwaka baada ya mavuno askari wa mpakani walikuja na orodha, wakahesabu kaya mbele ya mlango, na miaka ya baadaye wakapiga na picha. Aliye kwenye orodha na hayupo mlangoni alikatwa kwa kalamu nyekundu, na waliobaki walilipia. Fozol Mia akaona heri awe na mwana aliyekufa kuliko mwana aliyepanda. Akakata mgomba uliolingana na urefu wa mwanawe, akauvika sanda, akatangaza kwamba Ezahar ameondoka na homa. Wanaume wanne walijua. Mabia hakujua. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alilia kilio cha kweli juu ya mgomba ule mpaka sauti ikamkauka.

“Lia, mwanangu,” baba yake alimnong'oneza, kwa kuwa mkuu wa kijiji alikuwa amesimama pale anatazama, “lakini usifunue.”

Mwaka mmoja baadaye ilifika barua ya siri kutoka mlimani, na Mabia akaitambua hati. Hakusema na baba yake mwezi mzima. Na leo asubuhi, alipoambiwa kwamba kaka yake amekata roho, swali lake la kwanza lilikuwa, “Mmefunua mkaangalia?” Walifunua. Akaangalia mwenyewe. Ndipo akalia.

Kuhusu kazi ya marehemu huko mlimani, kuna vurugu. Leo hii, maiti haijaoshwa, wazee wawili walifika nyumbani kila mmoja kwa njia yake, wakakutana mlangoni, na nyuso zao zikabadilika.

“Mwalimu, andika hivi,” wa kwanza alimwambia Shomsul. “Mpiganaji wa Umoja Halisi.”

“Halisi gani?” wa pili aliruka. “Nyinyi tuliwafukuza mwaka themanini na tisa! Barua ninayo.”

“Mtufukuze nyinyi? Sisi ndio tuliowafukuza! Na mimi barua ninayo.”

Wakazitoa. Kila mmoja aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nane. Shomsul akaziweka sakafuni, moja kando ya mwenzake. Zimepigwa kwa mashine moja, ile iliyokuwa ikirusha herufi moja juu ya mstari, na upole wake ni mmoja: zote mbili zinaanza kwa kuwatakia afya njema wanaofukuzwa.

“Wazee wangu,” Mabia aliwaambia, “huyu aliwaandikia nyote. Kaeni mnywe chai.”

“Lakini alikuwa upande gani, dada?”

“Upande wa taipu.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa kadiri familia ilivyoelewa. Umoja ulianzishwa na walimu watatu na muuza dawa mmoja. Ulikuwa na bunduki chache, bendera mbili, na muhuri mmoja wa mpira uliofungiwa ndani ya sanduku la bati. Ulivunjika mwaka 1986 kwa ugomvi wa nani akae na ufunguo wa sanduku. Ukavunjika tena 1989, na tena 1993, na kila kipande kikabaki na jina la Umoja. Marehemu hakufyatua risasi hata moja miaka yote ile. Alikuwa karani. Alipiga taipu matamko, barua za kufukuza, barua za kusamehe, na vile vikaratasi vya neno la siri ambalo walinzi waliuliza njiani. Neno hilo alilichagua yeye, na kwa kuwa walishinda na njaa, mara nyingi alichagua chakula. Mwaka 1994 walimfukuza na yeye. Barua ya kumfukuza aliiandika mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejua kupiga taipu. Naye pia alijitakia afya njema.

Hapa lazima aingie Kobir Ahmed. Kobir alikuwa jirani yao Shilbonia na rafiki wa marehemu tangu utoto. Alikuwa mtu wa vicheko, mkata mianzi, mpenda samaki mkavu hata mke wake alikuwa akiuficha mtungi. Mwaka 1986 Ezahar alimwandikia kutoka mlimani: “Njoo, tunahitaji watu wenye moyo.” Kobir akaenda. Alimwacha mke wake, Gul Bahar, na mtoto wa miezi saba, Senowara.

Wazee wa kijiji walimwendea Gul Bahar wakiwa na mgomba tayari. Aliwaangalia, akaucheka.

“Uwekeni pale nyuma, nitakula ndizi zake,” alisema. “Mume wangu hajafa. Mtu nisiyejua kama amekufa simziki.”

“Shemeji, askari wakija utasemaje?”

“Nitasema anaumwa jino.”

Na kweli, miaka tisa mfululizo, siku ya hesabu, binamu mmoja au mwingine aliazimwa akaketi mlangoni pa Gul Bahar, amefungwa kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini, anaguna. Mwaka wa nane askari mmoja alimwonea huruma, akamletea vidonge.

Marehemu aliingia Shilbonia mwezi wa Januari 1995, amekonda, ndevu zimeanza mvi, barua ya kufukuzwa i mfukoni. Wa kwanza kumfikia alikuwa Gul Bahar. Alikimbia na unga wa mchele mikononi.

“Kobir yuko wapi?”

Ezahar aliangalia chini. “Tulipotezana,” alisema.

Waombolezaji, lishikeni neno hilo. Alisema tulipotezana.

Basi nyumba mbili zikawa na matatizo mawili. Kwa Fozol Mia kulikuwa na mtu asiye na mstari kwenye orodha, maana alikwisha kuzikwa. Kwa Gul Bahar kulikuwa na mstari usio na mtu, na jino la kuuma halingeweza kudumu miaka kumi. Ni Mabia aliyesema lile ambalo kila mtu alikuwa akiliwaza: Ezahar akae mahali pa Kobir. Walifanana kiasi, wote wembamba, wote na ndevu. Gul Bahar alikubali, ila alimsimamisha Ezahar mlangoni kwanza.

“Kaa. Lakini ujue unakaa mahali pa mtu. Mwenyewe akirudi, unanyanyuka.”

“Akirudi, nitanyanyuka,” alisema Ezahar.

Akakaa. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2016 alipigwa picha mara ishirini na mbili kando ya Gul Bahar, kwa jina la Kobir Ahmed, kwa tarehe ya kuzaliwa ya Kobir. Picha mnayoiona juu ya karatasi hii ni ya hesabu ya mwaka 2004. Ndiyo pekee iliyookoka moto. Ubao wa namba tumeukata, na mkono ule unaoonekana pembeni ni wa Bi Gul Bahar. Siku ya hesabu Senowara alimwita Baba. Kesho yake alimwita Mjomba. Siku moja, akiwa na miaka kama kumi, alichanganya, akamwita Baba siku ya kawaida, kisimani, mbele za watu. Marehemu alisimama na ndoo yake, asiitike wala asiondoke, mpaka maji yakamwagika yote miguuni.

Kuhusu ndoa: marehemu hakuoa. Kwa karatasi alikuwa na mke na binti. Kwa usingizi, alilala kwa dada yake. Alilima bustani ya tambuu nyuma ya nyumba, na kila asubuhi alipeleka fungu la majani kwa Gul Bahar, akaliweka kizingitini, akakohoa, akaenda zake. Watu walisema waliyosema. Mabia aliwajibu alivyowajibu, na wengine wao wako hapa leo, hatutawataja.

Mwaka 1999, baada ya Idi, alimtuma Mabia akaposee kwa Gul Bahar. Mabia alipika kuku mzima wa durus, pishi la wageni wa heshima, akajitanda, akaenda. Gul Bahar alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

“Kaka yako ni mtu mwema,” alisema. “Mwambie aniambie kitu kimoja tu, Kobir yuko wapi. Akisema yu hai, nitamngoja. Akisema amekufa, nitakaa eda miezi yangu minne na siku kumi, kisha niolewe naye, na watu wacheke mpaka wachoke. Lakini nisiwe mke wa watu wawili. Wala nisiwe mjane wa kubahatisha.”

Mabia alirudi mbio na jibu hilo, akidhani ni la heri. Ezahar alilisikia, akaketi chini. Siku kumi hakupeleka tambuu. Ya kumi na moja akapeleka, na hakuna aliyelizungumza tena.

Mabia anakiri mbele yenu kwamba siku zile alimkasirikia Gul Bahar. Aliona ni ukaidi. “Mtu amepotea miaka kumi na tatu,” alikuwa akisema, “anataka barua kutoka peponi?” Hakujua kwamba barua alikuwa nayo kaka yake mwenyewe, mdomoni.

Mwezi wa Agosti 2017 Shilbonia iliteketea, na sisi sote tulivuka. Mwajua. Penye meza ya kuandikishwa, karani alimuuliza marehemu jina, naye akasimama akichagua mpaka foleni nzima ikaanza kupiga kelele. Hatimaye akasema, “Ezahar Mia,” jina ambalo hakuwahi kulisema mbele ya karatasi kwa miaka thelathini na minne. Nyuma yake alikuwa Gul Bahar.

“Mume?” karani aliuliza.

“Ninaye.”

“Yuko wapi?”

“Hilo ndilo ninalouliza mimi,” alisema Gul Bahar.

Wakamwandikia kwamba mumewe hajulikani alipo. Hapa kambini walikaa vibanda viwili vya mianzi vinavyotazamana, hatua sita. Tambuu aliinunua sasa, maana bustani ilibaki ng'ambo, lakini aliiweka kizingitini vile vile.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ini. Ulianza mwezi wa Machi mwaka huu, macho yakageuka manjano, tumbo likajaa, na kliniki waliomhudumia kwa wema walisema wamechelewa kuletewa. Alivumilia. Hakulalamikia maumivu, alilalamikia chai ya Shomsul, na alikuwa na haki.

Ijumaa iliyopita, tarehe 17, baada ya sala, Maulana Yunus wa msikiti wetu alikuja kumtembelea. Marehemu alimuuliza swali la kisheria. Mtu akiapishwa kwa msahafu afiche jambo, na jambo lenyewe ni haki ya mtu mwingine, kiapo kinamfunga mpaka lini?

“Hakimfungi,” alisema Maulana. “Kiapo cha kuficha haki ya mtu hakikuwa kiapo tangu siku ya kwanza. Ungetoa kafara yako ukasema.”

Mabia alikuwa pale, anamshikia kikombe. Anasema kaka yake alimtazama Maulana kwa muda mrefu kama mtu aliyekosea njia na sasa anaambiwa nyumba ilikuwa nyuma yake.

“Tangu siku ya kwanza?” aliuliza.

“Tangu siku ya kwanza.”

“Miaka thelathini, Maulana.”

“Ungeniuliza.”

“Sikujua kama ni swali,” alisema Ezahar. Kisha akamwambia Mabia, “Mwite.”

Gul Bahar alivuka zile hatua sita, akaketi mlangoni, mtandio umemfunika uso nusu, tambuu shavuni. Na haya ndiyo aliyotaka yasomwe leo. Yasikilizeni vizuri.

Kobir Ahmed amekufa. Alikufa mwezi wa Oktoba 1993, huko mlimani, siku Umoja ulipovunjika mara ya tatu. Yeye hakuchagua upande. Kwa kuwa pande zote zilimwamini, walimpa sanduku la muhuri alipeleke kutoka kambi moja hadi nyingine. Alipoondoka asubuhi, neno la siri lilikuwa samaki mkavu. Adhuhuri wakubwa wakaamua libadilishwe, na Ezahar akapiga taipu neno jipya: mchele. Vikaratasi vikagawiwa kwa walinzi. Hakuna aliyemkumbuka Kobir, aliye njiani. Na Ezahar naye, aliyemwita mlimani kwa barua yake, aliyekuwa na mashine mbele yake na akili timamu, hakumkumbuka.

Jioni Kobir alifika kijitoni na sanduku kichwani. Walinzi wakauliza. Akajibu samaki mkavu. Walikuwa vijana wageni, wamejaa hofu ya wale wa upande wa pili, na wakampiga risasi. Hapakuwa na uadui wowote. Ezahar alimzika kwa mikono yake kando ya kijito, akamwekea mawe matatu. Siku hiyo hiyo wakubwa wakawaapisha wote kwa msahafu kwamba hakuna atakayesema, maana ni aibu kwa Umoja kumuua mtu wake mwenyewe. Mwaka uliofuata hapakuwa na Umoja wa kuonewa aibu. Kiapo kikabaki.

Gul Bahar alisikiliza yote. Kisha akauliza, “Alisema hivyo tu? Samaki mkavu?”

“Alisema mara tatu,” alijibu Ezahar. “Nilimsikia kutoka kambini. Nilikimbia. Mara ya tatu alikuwa anacheka, alidhani wanamtania.”

Hapo Gul Bahar alicheka. Mabia anaapa kwamba alicheka, kicheko cha kweli, mpaka akaitema tambuu. “Loo, Kobir!” alisema. “Hata kufa, samaki mkavu!” Halafu kicheko kikageuka kilio katikati yake, na wanawake wa vibanda vya jirani wakatoka nje kuuliza kuna msiba wa nani. Msiba ulikuwa wa miaka thelathini.

Alipotulia alimgeukia Ezahar.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Kiapo.”

“Na nini tena?”

“Orodha. Kobir akifa, mstari unakatwa, na mimi pamoja nao, na nyumba yako inabaki bila mwanamume.”

“Na nini tena, Ezahar?”

“Ulipouliza mwaka ule,” alisema, “shahidi nilikuwa mimi peke yangu, na mposaji nilikuwa mimi. Ningesema amekufa, watu wangesema nimemuua ili nimwoe mkewe. Nawe ungefikiria, hata kama ni siku moja. Nami nilikuwa nimeshafikiria, kila siku. Mwaka wa kwanza nilichelewa. Kila mwaka baada ya hapo nilikuwa nimechelewa zaidi.”

“Umenidhulumu,” alisema Gul Bahar. “Wewe mwenye tambuu zako. Umenidhulumu kuliko waliopiga risasi, maana wao walinidhulumu mara moja.”

“Nisamehe.”

“Sijui,” alisema. Akavuka zile hatua sita, akafunga mlango wake wa turubai.

Hakurudi Jumamosi wala Jumapili. Jumatatu Mabia alimwendea, akamkuta anachambua mchele. Akamwomba, akamlilia. Alimwambia kwamba mtu anaondoka na deni la mja, na deni hilo Mungu halifuti mpaka mwenyewe afute. Akamwambia na lile ambalo Maulana alimweleza baadaye, kwamba eda yake kwa hesabu ya sheria ilikwisha tangu mwaka 1994, haina kukaa tena.

“Imekwisha bila mimi?” alisema Gul Bahar. “Basi na hiyo mmeila.” Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, “Sina jibu la chumbani, Mabia. Miaka thelathini na saba nimekuwa mwendawazimu wa kijiji, mwanamke wa mume mwenye jino. Kaka yako aliandikia watu wote barua zao. Na yangu iandikwe. Isomwe mbele ya watu kwamba Kobir amekufa, lini, wapi, na kwa nini. Nikiisikia, nitajua ninajibu nini. Sasa hivi sijui, wallahi sijui.”

Marehemu aliletewa maneno hayo jioni ile. Alitaka kuiandika yeye mwenyewe. Shomsul alimletea karatasi na ubao, na Ezahar, aliyekuwa na hati iliyowakalisha walimu, aliandika “Nakutakia afya njema”, kalamu ikamwanguka. Leo asubuhi, baada tu ya alfajiri, alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Shomsul. Karatasi ile imo ndani ya sanda.

Marehemu ameacha dada mmoja, Mabia Khatun, na mpwa, Shomsul Alom. Ameacha Senowara, ambaye leo tulipomuuliza tumwandike binti au mpwa wa ujirani alisema, “Leo ni siku ya hesabu. Niandikeni binti,” pamoja na wanawe wanne waliomwita Babu siku zote bila kuchanganya. Ameacha wazee wawili wa Umoja, waliokaa mkeka mmoja tangu asubuhi. Na ameacha Bi Gul Bahar, mjane wa Kobir Ahmed.

Tumesoma, Bi Gul Bahar. Mjane wa Kobir Ahmed. Watu wote wamesikia. Kwa desturi yetu, sasa ndugu wa maiti husimama akauliza kama yuko anayemdai marehemu. Hatutauliza watu wote. Tunakuuliza wewe, na wabebaji wa jeneza watakungoja.

*Imeongezwa kwa kalamu, mkono wa Shomsul Alom, baada ya mazishi:*

Tulingoja. Pazia halikutikisika. Adhana ya alasiri ilianza mpaka ikaisha, na Maulana Yunus hakututikisia kichwa tuinue. Mmoja wa wale wazee wawili alianza kukohoa, mwenzake akamshika mkono. Mama yangu alikuwa amefumba macho.

Kisha sauti ya Bi Gul Bahar ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa kubwa, ila ilitufikia sote.

“Mwambieni neno limebadilishwa. Ni mchele. Mpitisheni.”

Tukainua. Mmoja kando ya kijito chenye mawe matatu, mmoja kwenye kilima cha Ukhiya, hapa kambini, chini ya udongo mwekundu: wapumzike wote wawili kwa amani, kila mmoja kwa jina lake.